Fungua Wewe Kwanza

Januari 2012, kampuni ndogo ya Nairobi iliyoitwa Mocality iliandika taarifa ambayo kwa siku chache ilisomwa hadi London na California. Mocality ilikuwa orodha ya biashara mtandaoni. Kinyozi, fundi wa viatu, duka la vipuri, mama mwenye hoteli: kila mmoja na namba yake ya simu na mahali anapopatikana. Orodha hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Watu walizunguka mtaa kwa mtaa wakiuliza majina na kuandika namba, na taarifa ikishahakikiwa walilipwa kwa M-Pesa. Kufikia wakati huo walikuwa wamekusanya biashara zaidi ya 100,000.

Miezi michache kabla, Septemba 2011, Google na washirika wake walikuwa wameanzisha mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti za bure. Baadaye Mocality ikaanza kupokea simu za ajabu. Wafanyabiashara waliuliza habari za tovuti ambazo Mocality haikuwa inaziuza. Wahandisi wakachungulia kumbukumbu za seva zao na kuona anwani moja ya intaneti ikifungua kurasa za orodha moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua maharagwe. Wakatega mtego. Aliyeingia kupitia anwani ile aliona, kwa sehemu ya orodha, namba ya kituo cha simu cha Mocality wenyewe badala ya namba ya mwenye duka. Kisha wakakaa wakisubiri.

Simu zikaja. Mocality ilisema kwamba wapigaji, wakidhani wanaongea na mwenye duka, walinadi tovuti za Google na kudai eti Google na Mocality wanafanya kazi pamoja. Jambo hilo halikuwa kweli. Haikuchukua muda, Nelson Mattos, makamu wa rais wa Google aliyesimamia Ulaya na masoko yanayochipuka, akaomba radhi hadharani. Alikiri kwamba watu waliokuwa kwenye mradi wa Google walitumia data ya Mocality isivyofaa, na kwamba walidanganya kuhusu uhusiano wa kampuni hizo mbili.

Wengi waliosoma habari hii waliiona kama kisa cha wizi. Mimi naiona kama kisa cha neno moja: uwazi. Desemba 2009, mkuu mmoja wa Google, Jonathan Rosenberg, alikuwa amewaandikia wafanyakazi wenzake waraka mrefu kuhusu maana ya kuwa wazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mifumo iliyo wazi hushinda mwishowe, na kwamba kampuni yao inapaswa kufungua teknolojia na habari kila inapowezekana. Waraka ulisifiwa sana. Lakini ndani yake kulikuwa na aya nyingine, fupi, iliyoeleza kwa nini mashine ya utafutaji na mfumo wa matangazo havitafunguliwa. Yaani vile vitu viwili vilivyoileta pesa.

Na kabla hatujaipa Mocality taji la mnyonge, tukumbuke kwamba nayo haikuwa wazi kwa maana kamili. Ilikuwa mali ya kundi la Naspers la Afrika Kusini. Orodha yake ilikuwa wazi kusomwa, haikuwa wazi kubebwa. Hicho ndicho kiini cha ugomvi. Kila upande ulikuwa na mlango uliotaka ubaki umefungwa na mlango wa jirani uliotaka ufunguliwe. Historia ya teknolojia hapa Nairobi, ukiitazama kwa karibu, ni hiyo ikijirudia kwa majina tofauti.

Mwenye mashine ya kusaga

Hebu tuseme kuna mtu mwenye mashine ya kusaga unga mtaani. Kila asubuhi anahubiri kwamba mahindi yanafaa yawe ya bure, kwamba ni dhambi mtu kuyafungia ghalani. Watu wanampigia makofi. Lakini hutamsikia hata siku moja akisema kusaga kuwe bure. Mahindi yakiwa ya bure, foleni mbele ya mashine yake inakuwa ndefu. Mahubiri yake ni ya kweli, na faida yake pia ni ya kweli, na si sadfa kwamba vinakwenda njia moja.

Google ilipotangaza Android Novemba 2007, ilitoa mahindi. Msimbo wa mfumo huo ulikuwa huria, yeyote angeweza kuuchukua na kutengeneza simu. Nairobi tuliona matunda yake mapema 2011, Safaricom ilipouza simu ya Huawei iitwayo Ideos kwa bei iliyokuwa karibu shilingi 8,000. Kwa wengi ilikuwa simu yao ya kwanza ya kugusa kioo, na hakuna haja ya kubeza hilo. Lakini mwaka huohuo Google ilikataa kwa miezi kadhaa kuachilia msimbo wa toleo la Android lililoitwa Honeycomb, ikisema halijakomaa. Na duka la programu, ramani na utafutaji, vitu vinavyoifanya simu iwe na maana kwa mnunuzi, vilibaki chini ya mikataba ya Google. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya euro bilioni 4.34 kwa jinsi ilivyotumia mikataba hiyo kuwabana watengenezaji wa simu.

Microsoft ilisafiri kinyume. Mwaka 2001 mkuu wake, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2018 kampuni hiyohiyo iliinunua GitHub, ghala kubwa kuliko yote duniani la programu huria, kwa dola bilioni 7.5. Leo ina kituo chake cha uhandisi huku Westlands, na vijana wetu wanaofanya kazi humo wanaandika programu huria kila siku. Je, Microsoft iliokoka? Mashine yake ya kusaga ilihama. Zamani ilikuwa Windows, na Linux ilikuwa mshindani. Sasa ni kukodisha seva, na Linux ni mahindi yanayosagwa humo.

Hii si siri ya wahandisi. Ni biashara ya kawaida. Unafiki unaingia pale biashara inapovaa kanzu ya imani, halafu anayehoji anaitwa adui wa maendeleo.

Ramani ya Kibera

Mwezi uleule wa kisa cha Mocality kulikuwa na ugomvi mwingine, na huu pia ulipita Nairobi.

Mwaka 2009, ukitafuta Kibera kwenye ramani nyingi ungekuta karibu nafasi tupu. Watu maelfu kwa maelfu wanaishi pale, kilomita chache kutoka katikati ya mji, na ramani haina njia, zahanati wala shule. Mwishoni mwa mwaka huo mradi ulioitwa Map Kibera uliwapa vijana wa vijiji vya Kibera vifaa vya GPS. Wakatembea vichochoro vyote wakiandika: hapa kuna bomba la maji, hapa kuna choo, hapa kanisa, hapa duka la dawa. Kazi yao iliingia OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuichukua, kuitumia na hata kuiuza, mradi ataje ilikotoka na afuate masharti yake.

Google nayo ilikuwa na Map Maker, iliyoanza 2008. Ukiitazama juujuu ni jambo lilelile: wananchi wanaalikwa wachore barabara za mtaa wao bila malipo. Tofauti ilikuwa kwenye masharti. Ulichochora kiliingia kwenye ghala la Google, na ni Google iliyoamua nani akitumie na kwa namna gani. Jasho lilikuwa la umma, ghala lilikuwa la mtu.

Januari 2012 Benki ya Dunia ilitangaza ushirikiano na Google kuhusu Map Maker, ukiwa na nia ya kusaidia wakati wa majanga. Wachoraji wa ramani huria wakapiga kelele: kwa nini taasisi ya umma iwahimize watu maskini wajenge ramani watakayohitaji ruhusa kuitumia? Machi mwaka huo Benki ikafafanua kwamba itaunga mkono tu kazi za ramani zinazowaachia wananchi data waliyoiunda wenyewe. Na katika Januari hiyohiyo watu wa OpenStreetMap walisema wamekuta data yao imeharibiwa na akaunti zilizotoka kwenye anwani za Google nchini India. Google ilijibu kwamba waliohusika walikuwa wanakandarasi waliojiamulia wenyewe, na kwamba hawako tena kwenye miradi yake. Map Maker yenyewe ilifungwa Machi 2017.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba uwazi kamili ndio dawa. Kuna kisa cha pili cha ramani, na hiki kinakaa vibaya kwa pande zote mbili. Kuanzia 2012, wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT, Columbia na kampuni ndogo ya Groupshot, walipanda matatu na simu mkononi wakirekodi njia na vituo. Mradi uliitwa Digital Matatus. Mapema 2014 ukatoa ramani ya njia zaidi ya 130, yenye rangi kama ramani za treni za miji mikubwa, na data yake ikawekwa wazi kwa yeyote. Agosti 2015 njia hizo zikaonekana kwenye Google Maps. Nairobi ikapata kitu ambacho miji mingi tajiri kuliko wetu ilikuwa haina: unauliza simu jinsi ya kufika Kawangware kwa matatu, nayo inakujibu.

Hapo Google haikukosa lolote. Data ilikuwa wazi, ikaichukua, na abiria akafaidika. Lakini jaribu kugeuza mkondo. Mwanafunzi wa Chiromo anayetaka kujua jinsi magari yanavyokwama Waiyaki Way kila jioni, habari ambayo Google inaikusanya kutoka kwa simu zetu sote, hataipata kwa njia ile Google ilivyopata za matatu. Ataomba ufunguo, ataisoma kwa masharti ya Google, na akizidisha kiwango atalipa. Maji yanashuka upande mmoja tu. Uwazi ulimfikia mwenye uwezo wa kuchota, na mwenye mapipa makubwa alichota zaidi.

Waiyaki Way

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kulaumu Wamarekani. Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni wetu wenyewe, na makao yake makuu yako Westlands, kando ya Waiyaki Way.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Kabla ya hapo kulikuwa na majaribio, yakiwemo ya Thika na Nairobi, na sehemu ya gharama ililipwa na mfuko wa serikali ya Uingereza uliotoa karibu pauni milioni moja, Vodafone nayo ikaweka kiasi kinacholingana. Yaani fedha ya walipa kodi ilisaidia kuzaa mfumo uliokuwa mali ya kampuni binafsi, na kwa miaka seva zake zilikaa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015.

Mwanzoni M-Pesa ndiyo iliyokuwa ikibisha mlango. Mwishoni mwa 2008 mabenki yalilalamika kwamba kampuni ya simu inafanya kazi ya benki bila leseni, na kaimu waziri wa fedha, John Michuki, akaagiza mfumo ukaguliwe. Januari 2009 serikali ikasema mfumo uko salama. Wakati huo hoja ya Safaricom na watetezi wake ilikuwa nzuri: usimzuie mgeni kwa sababu tu wakubwa wamezoea kukaa peke yao, mwache mwananchi achague.

Miaka michache baadaye viti vilibadilishana wakaaji. Aprili 2011 wateja wa simu waliruhusiwa kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Airtel iliushangilia mpango huo, Safaricom haikuupokea kwa furaha. Na watu wachache sana walihama. Namba ilikuwa huru, pesa haikuwa. Ukienda Airtel na namba yako, M-Pesa yako haiji nawe, na mama yako kijijini atakutumia kwa njia gani? Kumtumia pesa mtu wa mtandao mwingine kuliwezekana, lakini mpokeaji alipata ujumbe wenye namba ya siri, akalazimika kwenda kwa wakala kuzitoa taslimu.

Halafu kuna wakala mwenyewe. Mkataba ulimkataza mwenye duka la M-Pesa kuhudumia mtandao mwingine. Airtel ikapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, ikisema bila mawakala haiwezi kushindana. Hoja ya upande wa pili haikuwa ya kipuuzi. Safaricom ilisema imetumia pesa nyingi kutafuta na kufundisha mawakala zaidi ya 80,000, sasa iweje mtu aje kuvuna asipopanda? Julai 2014 sharti hilo likaondolewa. Mwenye duka aliyekuwa na kibao kimoja cha kijani akaruhusiwa kutundika na chekundu.

Mwaka huohuo Benki ya Equity, ambayo mwaka 2010 ilikuwa imeshirikiana na Safaricom kuanzisha M-Kesho, ilipata leseni ya kutoa huduma za simu kupitia mtandao wa Airtel. Ilikuja na laini nyembamba kama karatasi, inayobandikwa juu ya laini uliyo nayo. Safaricom ikapinga kwa sababu za usalama: laini hiyo, ilisema, inaweza kunasa siri za mteja. Mamlaka ya Mawasiliano iliruhusu majaribio ya mwaka mmoja. Usalama ni jambo zito, sitalicheka. Ila ni vizuri kukumbuka kwamba mwaka 2008 usalama wa wateja ndio pia uliotumiwa na mabenki dhidi ya M-Pesa.

Na Airtel, mtetezi wetu wa uwazi? Novemba 2014, miezi minne tu baada ya ushindi wa mawakala, ndiyo iliyoileta Kenya huduma ya Facebook iliyoitwa Internet.org. Mteja alipata tovuti chache zilizochaguliwa bila kulipa, Facebook ikiwemo, na nje ya hapo alipie. Waliita hiyo kuunganisha watu na intaneti. India ilipiga marufuku mtindo huo Februari 2016. Huko India, ambako Airtel ndiye aliyekuwa mkubwa, mwaka huohuo msimamizi wa mawasiliano alipendekeza kampuni hiyo na nyingine mbili zitozwe faini kwa kuinyima Jio, mgeni sokoni, viungo vya kutosha vya kupitishia simu. Airtel ilikana. Lakini msomaji wa Nairobi anaujua wimbo huo. Alishausikia ukiimbwa na mwimbaji mwingine.

Kidogokidogo milango ya M-Pesa ilifunguka. Mwaka 2017 Safaricom iliwapa watengenezaji wa programu njia ya kuunganisha kazi zao na M-Pesa, ikaiita Daraja. Aprili 2018 kutuma pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kulianza. Aprili 2022 ikawa mteja wa mtandao mmoja anaweza kulipa dukani kwa namba ya mtandao mwingine. Jumla, miaka 15 tangu kuzinduliwa. Karibu kila hatua ilitanguliwa na msukumo wa mamlaka au mshindani, na ilifika baada ya watu kuzoea upande mmoja kiasi kwamba kufungua mlango hakukumtoa mtu ndani.

Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano, jirani yake wa Waiyaki Way, ikiomba kampuni za intaneti ya setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zifanye kazi kupitia kampuni zilizo na leseni hapa nchini. Starlink ilikuwa na mwaka mmoja tu sokoni. Sababu zilizotajwa zilikuwa ubora wa huduma na usalama wa taifa.

Ukumbi wa KICC

Serikali nayo ilivaa kanzu hiyo. Julai 8, 2011, katika ukumbi wa KICC, Rais Mwai Kibaki alizindua mpango wa data huria wa Kenya, mmoja wa kwanza barani Afrika. Takwimu za sensa, bajeti, shule na hospitali zikawekwa mtandaoni kwa kila mtu. Bitange Ndemo, katibu wa wizara aliyeupigania, alistahili pongezi, kwa sababu ndani ya serikali wapo waliozikalia takwimu hizo kama kuku mayai. Jambo ambalo halikuzungumzwa sana ni kwamba tovuti yenyewe iliendeshwa kwa mfumo wa kukodi kutoka Socrata, kampuni ya Seattle. Data ilikuwa wazi, chombo kilichoibeba kilikuwa cha mwenyewe. Na msisimko ulipopita, seti nyingi zilikaa bila kuongezewa mpya. Mlango ulibaki wazi, chumbani hakukuwa na mtu wa kupanga vitu.

Milimani

Leo ugomvi wa uwazi umehamia kwenye akili mnemba, na tena Nairobi imo ndani hadi shingoni.

OpenAI ilianzishwa 2015 kama shirika lisilo la faida, uwazi ukiwa ndani ya jina lake. Ilipotoa GPT-4 Machi 2023, haikusema mfumo huo una ukubwa gani wala umefundishwa kwa data gani. Miezi miwili kabla, jarida la TIME lilikuwa limeeleza kwamba wafanyakazi wa Kenya, walioajiriwa na Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya ukatili ili mfumo ufundishwe kuyaepuka.

Meta ilijiweka upande wa pili wa mjadala. Julai 2024 Mark Zuckerberg aliandika kwamba njia ya mbele ya akili mnemba ni programu huria, na kwamba itakuwa salama kuliko njia mbadala. Ni hoja nzuri, na mifumo yake ya Llama inatumiwa na watafiti wengi wasio na pesa. Lakini data iliyoifundisha Llama haikutolewa, na leseni yake inazitaka kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi ziombe ruhusa. Shirika linalolinda maana ya programu huria, Open Source Initiative, lilisema wazi kwamba hiyo haistahili kuitwa huria.

Wakati Zuckerberg akiandika hayo, mawakili wa Meta walikuwa na kesi Nairobi. Mei 2022 aliyekuwa mchujaji wa maudhui ya Facebook, aliyeajiriwa kupitia Sama, aliishtaki Meta katika mahakama ya ajira pale Milimani kuhusu mazingira ya kazi. Utetezi wa Meta ulianza na hoja kwamba yenyewe si kampuni ya Kenya, haifanyi biashara hapa, kwa hiyo mahakama hii haina mamlaka juu yake. Februari 2023 mahakama ikakataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema kesi inaweza kusikizwa. Msimbo wa kampuni hiyo uko wazi kwa dunia nzima, ila mtu aliyeketi Nairobi akichuja uchafu wake miezi na miezi alihitaji zaidi ya miaka miwili kupata tu ruhusa ya kuuliza swali.

Nani alifungua

Ukirudi nyuma na kuhesabu, utaona kwamba hotuba za uwazi hazikufungua milango mingi. Ya Mocality ilifungua aibu, na hata hiyo haikuiokoa: kampuni ilifungwa mapema 2013. Benki ya Dunia ilifafanua msimamo kwa sababu wachoraji wa ramani hawakunyamaza. Mawakala wa M-Pesa waliachiliwa kwa sababu palikuwa na sheria ya ushindani na ofisi ya kuisimamia. Meta ilifikishwa mbele ya hakimu kwa sababu kuna katiba na kuna watu walioamua kushtaki.

Kwa hiyo kampuni inapokuja mjini na bendera ya uwazi, iwe inatoka California au Waiyaki Way, tusiipuuze na tusiishangilie. Tuulize mambo matatu. Kitu inachokifungua ni kile inachokiuza, au ni mahindi ya jirani? Kazi ya kujaza ghala ilifanywa na nani, na mtu huyo anaweza kuondoka na alichokiweka humo? Na pale inapokuwa yenyewe kubwa, katika nchi nyingine au katika biashara nyingine, inasema nini?

Swali la tatu ndilo gumu kulikwepa. Airtel ya Kenya ina Airtel ya India. Safaricom ya 2014 ina M-Pesa ya 2008. Mhubiri yuleyule, miaka michache tu au bahari moja tu katikati, akiwaambia wenzake wafungue wao kwanza.